Barua Zinaingia kwa Nani

Mtu akija kwangu kutengenezewa tovuti, simuulizi anapenda rangi gani. Rangi! Wote wanataka kuzungumzia rangi. Nina msusi mmoja alikaa kwenye kiti changu saa nzima akibishana nami kuhusu zambarau, na ukurasa wake hauna hata namba ya simu. Nikamwambia, mama, mteja wako amesimama barabarani, jua linamchoma, anataka kujua mambo matatu tu: uko wapi, unafungua saa ngapi, na akipiga simu nani atapokea. Hiyo zambarau kaivae nyumbani. Akanuna. Lakini namba tuliiweka juu kabisa, na wiki iliyofuata alirudi amekenua meno yote, eti simu haimpi nafasi ya kupumua.

Ndivyo nilivyo, sibembelezi mtu. Natunza tovuti za biashara ndogo ishirini na tatu, kutoka chumba kimoja juu ya duka la matairi, na wenyewe wote nawasema vivyo hivyo. Yule muuza vioo aliyepakia picha kubwa mpaka ukurasa ukawa unachukua dakika nzima kufunguka, nilimuuliza kama na dukani kwake wateja anawafungia nje dakika nzima kwanza. Yule fundi saa ambaye ukurasa wake ulikuwa bado unatangaza punguzo la bei la miaka mitatu iliyopita, nilimpa za uso mbele ya mkewe. Tovuti inafagiliwa, jamani. Unaipitia kila wiki, unafuta yaliyopitwa na wakati, unasasisha programu zake, unaweka nakala mahali pengine ili siku ikiharibika usianze kulia.

Na lipo jambo moja ambalo silifanyii mzaha kabisa. Barua za wateja zinaingia kwa nani? Mteja akijaza ile fomu ya mawasiliano, akabonyeza "Tuma", maneno yake yanakwenda kwenye kikasha cha nani? Nawaambia ziingie kwako, mwenye duka, kwa anwani yako, kwa neno la siri unalolijua wewe. Si kwa shemeji, si kwa fundi, si kwangu. Hasa si kwangu. Na kila Jumatatu asubuhi ijaze fomu yako mwenyewe kama mteja, uone kama barua itakufikia. Wateja ishirini na wawili nimewawekea hivyo. Wa ishirini na tatu alikuwa dada yangu.

Dada yangu ni fundi viatu, lakini si wa kushona soli zilizofumuka. Yeye hutengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye unyayo uliopinda, mwenye vidole vitatu. Anachukua vipimo, anachonga mguu wa mbao wenye umbo lile lile, halafu anajenga kiatu juu yake, kimoja soli nene, kingine nyembamba, na kwa ustadi wake mtu akivivaa huoni tofauti. Watu wanainuka kwenye kile kiti chake wanatembea huku wanalia. Nimeona kwa macho yangu. Thamani ya kazi yake niliijua vizuri kuliko mtu yeyote, na hilo sitalikana.

Watu wa namna hiyo hawajazani mtaa mmoja. Mmoja yuko hapa, mwenzake yuko mwendo wa siku mbili. Kwa hiyo miaka minne iliyopita nikamwambia, dada, nikutengenezee tovuti. Nilipiga picha viatu themanini, kimoja kimoja, juu ya shuka jeupe karibu na dirisha. Niliandika jinsi ya kujipima mguu nyumbani kwa kamba na rula, hatua kwa hatua, nikajipima mwenyewe mara sita mpaka nikahakikisha hata mtoto ataelewa. Nikaweka fomu: jina, mguu upi, umepungua kiasi gani, unataka kiatu cha nini. Namba ya simu hakutaka iwekwe. "Mashine inapiga kelele, mikono ina gundi, simu nitapokeaje?" Barua pepe ndiyo hakutaka hata kuisikia. "Ziingie kwako, mdogo wangu. Wewe utanitumia."

Na mimi, bingwa wa kuwafokea wenzangu, nikakubali. Dada ni dada. Barua zote za duka zikawa zinaingia kwangu, na kila siku saa saba mchana, wakati amezima mashine anakula, namwandikia ujumbe kwenye simu: fulani wa mahali fulani, mguu wa kushoto, sentimita tatu. Anajibu, "Sawa, Kibonyezo." Hilo ndilo jina alilonipa, eti kwa sababu kutwa nabonyeza. Majibu ya wateja nayo nilikuwa nayaandika mimi, kwa adabu zote, kama karani wake. Jina la tovuti nililihuisha kila mwaka kabla halijaisha muda. Wahuni waliojaribu kuingiza matangazo ya kamari niliwafukuza. Miaka minne haikuzimika hata siku moja.

Mwaka huu ikaja habari ya kituo. Kituo kikubwa cha tiba ya viungo, chenye wagonjwa mamia, kilikuwa kinatafuta fundi wa kuwatengenezea wagonjwa wake viatu. Fundi mmoja tu. Dada akaomba. Mkaguzi alikuja karakana, mwanamume mkavu asiyecheka, akashika kiatu kimoja, akakigeuza mara tatu, akaandika kitu kwenye karatasi, akaondoka. Masharti yao yalikuwa makali: majibu yatatoka kabla ya mwisho wa mwezi, kwa barua pepe ya duka, na mwombaji yeyote atakayepiga simu au kwenda kuulizia anaondolewa papo hapo, maana walishachoka na mambo ya kujuana.

Dada akaweka kila kitu hapo. Akafungua chumba cha pili, akaleta mashine kubwa ya kusugulia soli. Mama yetu, anayeishi naye, akahamishiwa kitanda kwenye kona ya jikoni ili ngozi zipate pa kukaa. "Wakinikubali," aliniambia, "hii mikoba ninayoshona ili kupata kodi, sishoni hata mmoja tena maishani. Nitafanya miguu tu. Wasiponikubali, nafunga. Sina nguvu ya kuendelea nusu nusu." Aliyasema hayo akinitazama machoni, nami nilimwelewa.

Siku ya kufungua kile chumba cha pili aliita watu. Majirani, wateja wa zamani, muuza ngozi, mwenye nyumba. Mimi nilifika mapema nikafagia, nikapanga viti, nikapiga picha za kuweka kwenye tovuti. Dada akasimama kutoa shukrani. Alimshukuru muuza ngozi. Akamshukuru muuza gundi, ambaye hata hakuwepo. Akamshukuru fundi umeme, akamshukuru mama, akamshukuru mzee mmoja aliyewahi kumwazima nyundo. Mimi nimekaa tayari kusimama, unajua vile, mkono umeshashika ukingo wa kiti. Akamaliza, akaketi.

Mwenye nyumba ndiye aliyeuliza. "Na ile tovuti? Mimi nimekuona humo. Nani kakutengenezea?"

"Aah, kile kitovuti?" Dada akacheka. "Mdogo wangu huyo. Hakuwa na la kufanya, nikamwachia achezee. Angalau anapata pa kubonyeza."

Watu wakaangua kicheko. Muuza ngozi alicheka mpaka akakohoa. Na mama, mama yangu mzazi, ambaye kucha zake nazikata mimi, akaziba mdomo kwa kiganja akacheka naye. Nami nikacheka. Ungefanyaje? Nilicheka kwa sauti kuliko wote, nikabeba kamera yangu, nikatoka, na barabarani damu ilinichemka hadi masikio yakaniwasha. Kuchezea! Viatu themanini juu ya shuka jeupe, eti nachezea! Nikasema ngoja. Ngoja nipumzike kucheza kidogo, tuone.

Kesho yake zilikuwa zimeingia barua mbili za wateja. Saa saba mchana sikuandika kitu. Saa saba na robo akaandika yeye.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

Ni neno dogo sana. Nilidhani litanikwama, kumbe liliteleza kama sabuni. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Na nieleweke: sikuharibu chochote. Sikuzima tovuti, sikufuta hata picha moja. Ukurasa uling'aa, fomu ilifanya kazi, mtu alibonyeza "Tuma" akaandikiwa "Asante, tutakujibu karibuni", maneno niliyoyatunga mimi mwenyewe. Nilichoacha ni ile kazi isiyoonekana tu.

Siku ya tatu, saa mbili na robo asubuhi, ikaingia barua ya kituo.

Niliisoma nimesimama. "Tumeridhika na kazi yako kuliko ya waombaji wote tuliowatembelea. Mkaguzi wetu anasema kwa miaka yake yote hajaona kiatu kinachosawazisha miguu kwa ustadi kama huu. Tafadhali thibitisha ndani ya siku kumi na nne kuanzia leo. Tusipopata jibu, nafasi atapewa anayefuata."

Moyo ulinidunda kwa furaha, kweli tupu. Mkono ulikwenda kwenye simu wenyewe. Halafu nikamsikia muuza ngozi anavyokohoa kwa kicheko, nikaiweka simu chini. Siku kumi na nne ni nyingi, nikajiambia. Acha aonje kungoja. Wiki moja tu. Atapata joto, atanipigia, atasema mdogo wangu, bila wewe mimi siwezi. Aseme neno moja la namna hiyo, nami nampa barua yake na pongezi juu.

Weee! Mtu hakusema.

Kila siku ni "Kuna kitu?" na "Hakuna." Siku ya sita tangu barua ya kituo iingie akaandika, "Hata mteja mmoja? Wiki nzima?" Nikamjibu, "Labda watu wameota miguu." Nilijipongeza kwa ule utani. Niliusoma mara mbili nikacheka peke yangu.

Siku ya nane nilipita karakana kupeleka dawa za mama. Nikamkuta dada amekaa kwenye kiti cha wateja, mashine kubwa imefunikwa kitambaa, mikono haina gundi. Sijawahi kuiona mikono ya dada yangu misafi saa nne asubuhi. "Unaangalia vizuri, Kibonyezo?" akaniuliza. "Haijapotelea mahali?"

"Dada, kazi yangu naijua."

Akaitikia kwa kichwa. Mama alinisindikiza mlangoni, akaninong'oneza kwamba mwenzangu hali, tangu juzi anagusa sahani tu anaisukuma. Kitu kilinichoma kifuani, siongopi. Lakini lile neno alikuwa bado hajalisema, na mimi nikishakata shauri nimekata.

Fomu haikuacha kuleta. Barua mojawapo iliandikwa na baba mmoja. Binti yake ana miaka tisa, mguu wa kulia umepungua sentimita nne, naye amechaguliwa kuimba mbele ya shule nzima tarehe ishirini. Vipimo vyote vilikuwa sawasawa, kwa kamba na rula, kama nilivyofundisha. "Anataka viatu vyeusi kama vya wenzake," aliandika. "Hataki vya kung'aa." Niliisoma nikaifunga, nikaenda kumwonyesha muuza vioo namna ya kupunguza picha.

Siku ya kumi nilikuwa nimealikwa ukumbini kuzungumza na wenye maduka kama thelathini. Niliwasema mpaka wakafurahi. Yule msusi wangu akanyoosha mkono, akauliza mteja akiandika inafaa ajibiwe baada ya muda gani. Nikasimama pale mbele, kipaza sauti mkononi, nikasema: siku hiyo hiyo. Ukimwacha siku mbili ameshakwenda kwingine, na hatakuambia, na wewe utakaa unashangaa umemkosea nini Mungu. Wakapiga makofi. Nilirudi kitini nikanywa maji.

Siku ya kumi na tatu niliamua kumpa. Amini usiamini, nilikuwa nimeshaandika ujumbe: "Dada, njoo ofisini, kuna habari njema." Sijautuma, simu ikalia. Yeye mwenyewe.

"Mdogo wangu," akaanza, na moyo ukaniruka, maana sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Sijalala nafikiri. Muuza ngozi ananiambia kuna mtaalamu mmoja anatengeneza tovuti za maana, za makampuni. Nataka umpe maneno ya siri yote, aangalie. Labda hii yako ndiyo inayonikwamisha."

Hii yako!

"Sawa, dada," nikasema. "Mwezi ujao nitampa."

Ule ujumbe niliufuta herufi moja moja. Kesho yake, siku ya kumi na nne, nilikaa mezani tangu asubuhi, barua ya kituo iko wazi mbele yangu. Nilifanya kazi za wengine. Nilibadilisha maneno ya siri ya watu watano, nikamsahihishia fundi saa ukurasa wake, nikanywa chai. Saa saba na robo, "Kuna kitu?" Nikajibu, "Hakuna." Ofisi za kituo hufungwa saa kumi na moja. Saa kumi na moja na dakika moja nilizima kompyuta nikateremka ngazi. Sikupitiwa na usingizi, sikusahau. Nilikuwa natazama saa.

Siku mbili baadaye kituo kikaandika tena, mistari miwili tu. Kwa kuwa hawakupata jibu, nafasi amepewa mwingine, nao wanamtakia dada kila la heri. Hiyo nayo nikaiweka pamoja na zile nyingine.

Mwezi ulipoisha, dada akaniita karakana. Nilifika saa nane mchana. Mashine kubwa haikuwepo, ilishachukuliwa na mshona mikoba wa mtaa wa pili. Viti havikuwepo, isipokuwa kile cha wateja, na juu yake amekaa mama na mfuko wa misumari mapajani. Mlangoni kulikuwa na rundo la mbao, na jirani anazifunga mizigo kwa ajili ya kuni. Nilikanyaga moja nikatazama chini. Kisigino. Dada alikuwa ameikata kwa msumeno ile miguu yote ya mbao, miaka kumi na tisa ya miguu ya watu.

"Jumatatu naanza kiwandani," akasema. "Kwenye kandambili. Natia kamba kwenye matundu, saa kumi kwa siku. Nimeshatia saini."

"Lakini dada..."

"Yule mkaguzi alikigeuza kile kiatu mara tatu. Nilijua pale pale. Mtu hageuzi kitu kizuri mara tatu. Na wateja nao wameacha, wote kwa mpigo. Watu wanaambiana. Kazi yangu imeharibika na mimi ndiye wa mwisho kujua." Alinyoosha kiganja chake mbele akakitazama. "Mkono umekwisha huu."

"Usijisemee hivyo, mwanangu," mama akasema.

"Kwani nadanganya? Umekwisha."

Na mimi je? Nilikuwa nakufa kwa aibu, na bado nilikuwa na kinyongo, vyote viwili kwa pamoja, na kimoja hakikumpisha mwenzake. Nilishapanga kunyamaza. Nilishaona jinsi itakavyokuwa: dada ataenda zake kiwandani akiamini mkono wake umekwisha, na mimi nitazifuta zile barua taratibu, na hakuna binadamu atakayejua. Ningefaulu kabisa, kama asingenigeukia.

"Na wewe ukifunge hicho kitovuti chako," akasema. "Siku moja tu maishani nilikihitaji kweli kweli, na hakikuleta kitu."

"Kimeleta!"

Nilisikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi.

"Kimeleta, siku ya tatu, saa mbili na robo asubuhi! Kimeleta barua ya kituo, kimeleta na wateja tisa! Fomu haijakosa hata siku moja, hata moja, unanisikia? Usiniambie kazi yangu ni mbovu! Tovuti yangu inafanya kazi!"

Jirani aliacha kufunga kuni akatutazama, kisha akachukua alichofunga akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyokiri. Si kwa huruma, wala si kwa toba. Nilikiri kwa sababu mtu kaidharau kazi yangu.

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Dada akauliza kwa sauti ya chini, "Barua gani?"

"Ya kituo."

"Iko wapi?"

"Humu, kwenye simu."

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika "kuliko ya waombaji wote" aliinua kidole, nikarudia. Nilipofika kwa mkaguzi aliinua tena, nikarudia tena. Nikasoma na ile ya pili, ya mistari miwili.

"Siku kumi na nne ziliisha lini?"

"Tarehe kumi na saba."

"Na siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Ofisini."

"Unafanya nini?"

Sikuona njia ya kulizunguka swali lile. "Nakunywa chai."

"Mwanangu," mama akasema, "ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mama."

Mama akasogeza kile kiti kwa miguu yake, kidogo kidogo, mpaka akawa ametazama ukuta. Sijawahi kuona mgongo wa mtu ukinisema namna ile. Nilianza kulia hapo, na hakuna aliyeninyamazisha.

"Na hao wengine," dada akasema. "Wasome wote."

"Dada, itasaidia nini sasa? Mashine haipo, mbao zote umekata..."

"Soma."

Akachukua daftari lake la vipimo, akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, kalamu mkononi. Nikasoma. Mzee mwenye unyayo uliopinda, ambaye amechoka kushikwa mkono. Mwanamke aliyekatwa vidole viwili, anayesimama kutwa nyuma ya kaunta. Mwanajeshi mstaafu. Muuguzi. Dada aliandika kila kipimo, kushoto, kulia, sentimita ngapi. Mahali ambapo mtu hakueleza vizuri alinitazama akauliza, "Kisigino?" na mimi nikajibu, "Hakusema." Akaacha nafasi wazi kwenye mstari, kama anavyofanya siku zote mteja akiwa ataulizwa baadaye.

Nikafika kwa yule baba. Nilisoma upesi upesi, barua ya kwanza na ya pili, maana aliandika mara mbili. Ya pili ilikuwa ya tarehe ishirini na moja. "Tulimjazia matambara ndani ya kiatu. Aliimba ubeti wa kwanza, mguu ukamponyoka, akaanguka mbele ya shule nzima. Anasema harudi tena shuleni. Msihangaike kutujibu."

Dada akaandika: kulia, sentimita nne, vyeusi, visivyong'aa. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka. Mkono haukutikisika hata kidogo.

"Zimeisha," nikasema.

"Ni ngapi?"

"Kumi na mbili, pamoja na mbili za kituo."

Akapitisha kalamu kwenye daftari kutoka juu hadi chini, polepole, halafu akarudi juu. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nilipopiga kelele.

"Hukusoma majina."

Ni kweli, nilikuwa nimeyaruka yote. Vipimo vilitoka kinywani, majina yalikataa.

"Anza upya," dada akasema. "Na safari hii nisomee na majina yao."

Nikafuta macho kwa mkono, nikarudi barua ya kwanza kabisa, nikasoma jina. Dada akainamisha kichwa akaliandika.